Mwalimu Asiyekaa Bondeni

Kwa miaka tisa nilimchukua Léonard kwenye gari langu kila asubuhi kwenda kazini Downsview, na kwa miaka tisa nilimcheka. Naanza na hilo ili nisije nikaonekana mtu mwema huko mbele. Mimi ni Cyriaque, mtu wa Bujumbura, na wanaonijua wanajua ulimi wangu hauna mfupa. Yeye alikuwa mtu wa Sake, karibu na Goma, mwalimu wa jiografia ambaye Kanada ilimgeuza mpanga katoni za samaki wa barafu. Ghalani kila mtu alimwita Mwalimu, hata mabosi, kwa sababu alikuwa anabandika lebo kama anayesahihisha mtihani.

Nilichokuwa nacheka ni woga wake. Alipofika Toronto mwaka 2003 na mkewe Sabine na binti yao Ariane wa miaka saba, walitafutiwa chumba cha chini ya ardhi kwa mama mmoja wa Kireno: kina joto, kiko karibu na basi, na mama mwenyewe mkarimu. Mwalimu alishuka ngazi tatu, akasimama, akanusa, akarudi juu. Alisema afadhali alale kituo cha basi. Wakaishia ghorofa ya kumi na nne, kwenye jengo ambalo lifti yake ilikuwa inafanya kazi ikijisikia. Mara ngapi nimempandishia gunia la mchele kwa ngazi, nikimtukania ukoo wake njia nzima.

Kanisani kwetu chakula kinaliwa kwenye ukumbi wa chini. Yeye alikuwa anakula amesimama karibu na ngazi, sahani mkononi. Wakati wa kiangazi tukienda bustanini kuchoma nyama, sisi tunatandika vitenge kwenye majani kando ya kijito, Mwalimu anabaki juu ya mteremko peke yake kama askari wa doria. Ariane hakuruhusiwa kulala sakafuni kwa rafiki zake, wala kwenda kambi ya shule. Mtoto analia, "Papa, everyone is going." Baba anajibu, "Everyone si mutoto wangu."

Nilisema vita vilimgonga kichwani. Wengine walisema ni maringo ya mtu aliyesoma. Tukimuuliza Sabine, alikuwa anasema neno moja tu: "Mumuache." Tulijua kwamba walifiwa na mtoto wa kwanza, Noëlla, akiwa na miaka mitano, kabla hawajatoka kwao. Picha yake ilikuwa ukutani juu ya televisheni, kasichana kenye macho makubwa, amevaa soksi zisizofanana. Malaria, walisema. Ariane naye alikua akijua hivyo. Malaria haihitaji maelezo. Kila nyumba ya kwetu ina wake aliyeondoka nayo.

Mwaka 2018 Ariane alikuwa na miaka ishirini na miwili, anamalizia masomo ya uuguzi, na posa ya Willy ilikuwa imekwisha kupokelewa. Willy ni mtoto wa dada yangu, kwa hiyo mimi na Mwalimu tulikuwa tumekwisha kuwa ndugu, atake asitake. Mwezi wa tatu, theluji ikiwa bado magotini, vijana wakapanga kwenda kupumzika siku kumi kwenye kisiwa kimoja cha Karibi. Sitakitaja, maana wenyeji wake hawakunikosea kitu. Walikuwa sita, wasichana chumba chao na wavulana chao, au ndivyo tulivyoambiwa sisi wazee.

Mwalimu alikataa. Sabine akamgeukia. Akakataa tena kwa sauti ndogo zaidi. Mwisho akakubali kwa sharti kwamba Ariane amtumie picha kila siku, ya kila mahali watakapotia mguu.

Mimi ndiye niliyewapeleka uwanja wa ndege. Baba mtu alikaa mbele, akigeuka kila dakika kutoa maagizo: usiogelee baada ya kula, usikae karibu na mlango wa ndege, vaa jaketi la kuelea hata kwenye maji ya magoti. Tulipofika akaenda kutafuta kigari cha mizigo, nami nikamvuta Ariane pembeni. Nikamwambia, "Mwanangu, tuma picha yako moja kwa siku kama ulivyoahidi, kisha zima simu. Usipozima, huyu mzee atakukalia shingoni mpaka siku ya kurudi."

"Merci, tonton," akasema huku akicheka, akanikumbatia kama mjomba wake hasa.

Neno langu hilo la kuzima simu ningelinunua tena kwa bei yoyote.

Picha zikaanza kuja. Kila mapumziko ya saa nne tulikuwa tunakaa kantini, Mwalimu anaiweka simu mezani na kuipanua picha kwa vidole viwili. Siku ya kwanza Ariane alikuwa ananing'inia kwenye waya juu ya miti, kofia ngumu kichwani, mdomo wazi. Siku ya pili alikuwa chini ya maporomoko ya maji, Willy amemshika mkono. Siku ya tatu walipiga mbizi kwenye matumbawe, wakaona kasa mkubwa kama meza ya kahawa. Halafu msitu wa kasuku, halafu farasi ufukweni. Wote tulikuwa tunasema ah, pazuri. Mwalimu hakuwa anamtazama binti yake wala kasa. Alikuwa anatazama ardhi. Anaisukuma picha hadi pembeni, kwenye miguu yao, kwenye majani, kwenye mashimo kati ya mawe, anakaa hapo mpaka kengele inalia.

"Umepoteza sindano?" nikamuuliza.

"Kile kisiwa ni mlima ya moto," akajibu. "Chote."

"Ulizima zamani."

"Mlima haizimaki, Cyriaque. Inanyamaza."

Jumamosi nilikwenda kwake mchana kutazama mpira. Sabine alikuwa kazini, kwenye nyumba ya wazee anakohudumia. Nje anga lilikuwa la kijivu na upepo unapuliza madirisha ya ghorofa ya kumi na nne hadi yanalia. Kabla ya nusu ya kwanza kuisha, simu ikatoa mlio.

Safari hii Ariane alikuwa amesimama juu ya ukingo, nyuma yake kuna bonde linalofuka mvuke, na chini kabisa vidimbwi vya maji ya kijivu. Alikuwa ameandika: "Kesho tunashuka kuoga kwenye hot springs, before sunrise, kabla ya upepo. Guide anasema mvuke ni mzito zaidi hiyo saa, it's magic. Mbwa wake hataki kushuka, mvivu kama tonton!"

Nilicheka. Mwalimu hakucheka. Alivaa miwani, akaipanua picha, akaipitisha polepole kutoka usoni kwa Ariane hadi kwenye mteremko. Majani yalikuwa ya kijani kibichi mpaka mahali fulani, halafu ghafla yakawa ya kahawia, na mpaka wenyewe ulikuwa umenyooka kuzunguka bonde lote, kama alama ya uchafu kwenye beseni. Chini ya alama hiyo, juu ya jiwe, kulikuwa na vitu vitatu vidogo. Akavikuza mpaka picha ikaanza kuvunjika. Walikuwa ndege, wamelala ubavu.

Akasema neno moja: "Mazuku."

Nilikuwa nimelisikia kwa Wakongo, nikidhani ni pepo mojawapo ya mapepo yao. Akanieleza huku akipiga simu, akikata, akipiga tena. Ni hewa inayotoka ardhini, penye milima ya moto. Haina rangi, na mara nyingi haina harufu. Ni nzito, kwa hiyo inajaa kwenye mabonde kama maji yanavyojaa kwenye bakuli, na alfajiri pasipo upepo ndipo inapojaa zaidi. Mbuzi anashuka kula majani, harudi. Anayeshuka kumtafuta mbuzi naye harudi. Mtu mzima akisimama, kichwa chake kinaweza kuwa juu ya hewa hiyo asijue kitu, na huku mtoto aliye kando yake anakufa.

Alipiga mara kumi na moja. Simu ya Ariane ilikuwa imezimwa, ya Willy pia. Aliyezima simu hizo ni mimi.

Nikatafuta namba ya nyumba ya wageni walikofikia, nikapiga mwenyewe maana Kiingereza changu kina kelele kuliko chake. Akapokea dada mmoja mwenye sauti laini. Nikamweleza hewa, ndege, mbwa. Akasikiliza kwa adabu zote. Akasema wageni wamekwenda ufukweni kuchoma samaki, watarudi wamechelewa. Akasema matembezi yale yanafanyika siku zote, hakuna aliyewahi kulalamika. Nikamwomba aandike ujumbe. Akasema ameandika. Nilisikia kwa sauti yake kwamba hajaandika kitu.

"Labda hakuna neno," nikamwambia Mwalimu. "Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Ndege hufa popote."

Aliwakuza tena wale ndege. Kwa mara ya kwanza nikauliza moyoni ni nyoka gani aliyemuuma.

Sabine aliporudi alitukuta tumesimama. Akaitazama picha bila kuvua koti, akaketi kwenye mkono wa kochi.

"Umemuambia?" akamuuliza mumewe.

"Simu imezimwa."

"Kesho ataiwasha apige picha. Pale mapokezi kuko wifi, ujumbe utaingia. Umuambie sasa."

"Nitamuambia asishuke."

"Léonard," akasema, na sijawahi kumsikia akimwita kwa jina mbele ya mtu. "Ni miaka kumi na tano unamuambia asishuke. Atacheka kama anavyocheka siku zote. Umuambie yote, ao nitamuambia mimi."

Mwalimu akaichukua simu, akaenda dirishani, akatugeuzia mgongo. Alirekodi mara mbili akafuta. Mara ya tatu hakufuta. Maneno yake ninayo, kwa sababu Ariane alinisikilizisha baadaye.

"Ariane, ni papa. Sikiliza mpaka mwisho, usikate. Dada yako Noëlla hakukufa na malaria. Tulikudanganya. Alikufa mu shimo kama ile ya picha yako, kule njia ya Sake, asubuhi, jua limeshatoka. Yeye alikaa chini, mimi nilikuwa nimesimama. Sikusikia harufu, sikusikia kitu. Kuko hewa mule chini, inakaa kama maji, inaua mutu bila kumuambia. Batu ba kwetu banaiita mazuku. Ule mbwa anaijua. Usishuke. Willy asishuke. Kama hawakuamini, bashushe moto polepole, utazimika. Na mutu akianguka, usiiname kumukamata. Wewe ni infirmière, kazi yako ni bagonjwa, utataka kuinama. Minakuomba, mutoto wangu. Usiiname."

Hapo ndipo nilipojua. Huyu mtu nilikuwa namcheka kwa kula amesimama.

Nikamuuliza ilikuwaje, naye akanipa kidogo tu. Ilikuwa mwaka 1998, risasi zinalia nyuma yao, anakimbilia Goma na mtoto kwa miguu. Wazee wa Sake walikuwa na desturi: penye bonde lenye majani ya kahawia hawapumziki, hata mzigo hawatui. Yeye alikuwa anawafundisha watoto shuleni kwamba hiyo ni hewa tu, ya usiku, na kwamba jua likipanda inatawanyika. Wazee aliwaita washirikina. Akapumzika hapo.

Jumapili nilikwenda kuwachukua kwa ajili ya ibada saa moja asubuhi, nikawakuta na nguo za jana. Simu ilikuwa katikati ya meza. Sabine alikuwa na rozari ingawa sisi ni Wapentekoste. Aliniambia ni ya mama yake, na kwamba nisimuulize. Huko kisiwani ilikuwa saa mbili, jua limekwisha kuchomoza, mambo yamekwisha kuwa namna yoyote yatakavyokuwa. Hilo ndilo lililonitesa. Tulikuwa tunangojea kitu ambacho tayari kilikuwa kimetokea.

Kwenye ujumbe wa Mwalimu, alama mbili ndogo za kijivu zilionyesha umefika. Umefika, haimaanishi umesikilizwa. Nilimfahamu Ariane. Angeona simu kumi na moja za baba, angesema "Oh my God, Papa," na kuitia simu mfukoni.

Niliwaza Willy akivua shati juu ya mawe yale. Niliwaza simu nitakayompigia dada yangu Bujumbura. Nikamwambia Mwalimu, "Mimi ndiye niliyemwambia azime simu." Nilitaka anitukane. Alinitazama kama mtu anayesikia habari za mbali, akasema, "Kaa, Cyriaque. Kuko chai." Yeye mwenyewe alibaki amesimama.

Saa tatu na dakika kumi simu ikaita.

Sabine aliikamata kabla yetu. Kwanza kulikuwa na pumzi tu. Halafu sauti ya Ariane: "Maman, tuko sawa. Wote. Tuko sawa." Sabine akaiweka simu mezani, akalala juu ya mikono yake, akalia kama mtu anayepigwa. Mwalimu hakulia. Aliketi sakafuni, mgongo ukutani, miguu mbele, na tangu nimfahamu sikuwahi kumwona ameketi hapo.

Yaliyotokea tuliyajua vipande vipande. Ujumbe uliingia walipokuwa mapokezi wakisubiri gari. Ariane hakuusikiliza hapo. Aliusikiliza njiani, kwenye gari, sikio moja, ili kupoteza muda. Walipofika ukingoni akakataa kushuka, akamzuia Willy, na marafiki wakamnunia. Kiongozi wa matembezi akacheka, akasema ameshuka hapo mara mia. Ni kweli, ameshuka, lakini wiki hiyo upepo ulikuwa umekufa kabisa. Ariane akamwomba afanye jambo moja tu, ajaribu kwa kiberiti cha gesi. Kijana wa watu, ili kumfurahisha mteja, akashuka hatua chache, akapiga magoti na kukishusha kiberiti hadi kwenye majani. Moto ukazimika. Akauwasha tena, ukazimika. Akageuka kuwaambia kitu, na kabla hajakisema akalala kifudifudi.

Willy alianza kuinama. Ariane alimvuta kwa mkanda wa suruali. Kisha akashuka yeye, amenyooka, pumzi ameibana, akainasa kamba ya begi la kiongozi kwa ncha ya mguu, akaiinua mpaka Willy akaifikia kwa fimbo, wakamburuta. Alitapika nusu saa, lakini alikuwa hai. Mbwa alikuwa amekaa juu muda wote.

Walirudi Jumatano. Sabine alipika sombe ya majani ya muhogo, ugali wa fufu na samaki wa chumvi, makayabu, chakula cha watu ishirini kwa watu watano. Willy alisimulia kama vijana wanavyosimulia mambo yakishapita, kwa mikono na vicheko. Nami nilichangia vicheko, kwa sababu furaha ilikuwa imenijaa hadi kooni, na nilitaka tuwe watu wa kawaida haraka iwezekanavyo. Nilisema kwa mwoga huenda kicheko, kwa shujaa huenda kilio, na kwamba kuanzia leo nyumba hii ina ruhusa ya kuogopa.

Ariane hakuwa anakula. Alikuwa anaitazama picha ya dada yake juu ya televisheni.

"Papa," akasema. "Kwa message ulisema Noëlla alikaa, na wewe ulisimama. I've been thinking. Nilikuwa na miaka miwili. Mimi nilikuwa wapi?"

Sabine akasema haraka, "Kula kwanza, Ariane, sombe inapoa."

Kwa haraka hiyo nikajua kwamba kuna kitu bado kiko chini, na kwamba mimi na porojo zangu hatukupaswa kuwa mezani. Mwalimu alimtazama mkewe. Mkewe akatazama sahani.

"Mu mgongo yangu," akasema.

"Na maman?"

"Maman alikuwa hospitali ya Goma. Tulikuwa sisi watatu. Nilikufunga na kitenge, lakini sikujua kufunga muzuri, ulikuwa unateremka kila saa. Noëlla alisema miguu inamuuma. Aliniomba nimubebe yeye pia. Nilimuambia, kaa hapo chini kidogo, nimufunge mudogo wako kwanza."

Willy aliacha kutafuna.

"Ilichukua muda gani?" Ariane akauliza.

"Ya kufunga kitenge. Basi. Nilimugeukia, nikasema twende."

Nikaelewa kwa nini walichagua malaria. Nilidhani alikuwa anaficha aibu yake mwenyewe, kumbe aibu yake angeibeba mbele ya kanisa zima. Alichokuwa anakificha ni hesabu ya nani alibebwa na nani aliachwa chini, ambayo mtoto huyu angeifanya siku akiijua, na ambayo sasa alikuwa anaifanya mbele yetu, macho yamemtulia, uso umemkauka. Nilitamani kusema chochote kuizuia. Mimi, ambaye sijawahi kukosa neno.

"Kwa hiyo ni mimi niliyeteremka," akasema, kwa Kiswahili kitupu.

"Ulikuwa na miaka miwili," Sabine akasema.

"Na yeye alikuwa na mitano."